Somo la Harufu ya Mizizi ya Dawa



Msimu uliopita, siku ambazo majamvi yalikuwa yamejaa karafuu mpaka njiani, mwanachama mwenzetu mmoja alikuja katika chumba cha Chama na kitu amekifunga katika kipande cha kanga. Tulidhani ni sampuli ya karafuu, maana wiki ile tulikuwa tukipokea malalamiko ya mpeta kutwa. Alipokifungua, kumbe ni mzizi. Ulikuwa mnene kama kidole gumba, ganda lake rangi ya udongo, na pale ulipokatwa kwa panga ndani ulikuwa mweupe. Harufu yake ilijaa chumba chote, ikashinda hata harufu ya karafuu zilizoanikwa nje. Nanyi mnajua kuishinda harufu ya karafuu si kazi ndogo.

Tuliupitisha mkono kwa mkono. Katibu alisema ni vanila. Mwingine alisema si vanila, ni kama maziwa yaliyochemshwa na iliki. Mzee wetu mmoja alisema mzizi huu ni dawa, marehemu bibi yake alikuwa akiwapa watu waliokosa hamu ya kula, ila jina lake limempotea. Mwenye mzizi alitungoja tumalize, kisha akatoa lake: yuko mfanyabiashara aliyemwahidi bei nzuri kwa kila kilo atakayompelekea, na huko porini alikoupata anadhani ipo mingine michache. Je, aichimbe? Na wenziwe nao wachimbe?

Tulimwomba atupe muda, na jibu tutaliandika katika jarida ili liwafae wote. Jibu lenyewe limekuwa refu kuliko tulivyodhani, kwa sababu ndani ya swali lake mna maswali matatu yaliyoshikana: harufu hii ni ya kitu gani, mti huu ni mti gani, na mzizi huu unafaa kuliwa au haufai. Aghalabu watu huyafanya kuwa swali moja, na hapo ndipo hasara inapoanzia.

Natuanze na kitu tukijuacho. Harufu ni chembe ndogo mno, ziitwazo molekuli, zilizoruka kutoka katika kitu zikaingia puani mwetu. Kitu kisichoweza kuruka hewani hakina harufu, hata kama kimejaa nguvu. Karafuu kavu nzuri ina mafuta yafikayo sehemu 15 mpaka 20 katika kila 100 za uzito wake, na katika mafuta hayo sehemu kubwa, 70 mpaka 90 katika 100, ni kitu kimoja kiitwacho yujenoli. Hicho ndicho kinachouma ulimini na kufisha maumivu ya jino. Wenzake wakubwa wawili ni asetati ya yujenoli na karyofilini. Waliofika katika kiwanda cha makonyo cha Wawi wameona kazi yenyewe: mvuke hupitishwa katika makonyo, hubeba mafuta, kisha hupozwa, maji yakajitenga na mafuta. Mafuta ya mimea mingi huelea juu ya maji. Ya karafuu huzama, kwa kuwa ni mazito kuliko maji. Tena mafuta ya makonyo na mafuta ya tumba si sawa. Ya makonyo kwa kawaida yana yujenoli nyingi zaidi na asetati kidogo, na mpimaji huwatambua mara moja wanaouza haya kwa jina la yale. Basi mwanachama asifikiri kwamba elimu hii ya kuzipambanua harufu ni mambo ya watu wa mbali. Bei ya karafuu na mafuta yake imepimwa kwa elimu hiyo miaka mingi.

Sasa twende mizizini. Hatutaki kusema mzizi wa mwenzetu ulikuwa mzizi gani, na sababu yake mtaiona mbele. Lakini uko mzizi mmoja wa Afrika ambao habari zake zimeandikwa vizuri, nao una harufu ya namna ile ile. Kwa wataalamu jina lake ni Mondia whitei. Wenyeji wa Kakamega, magharibi ya Kenya, huuita mukombero, na Uganda huitwa mulondo. Ni mmea utambaao juu ya miti. Majani yake ni makubwa, yameota mawili mawili yakielekeana, yana umbo la moyo. Ukiukata hutoa utomvu mweupe. Na mbegu zake zina nyuzi laini za kupeperushwa na upepo. Mizizi hutafunwa mibichi na kuuzwa sokoni kwa vifungu. Wako wanaoutumia kwa kuleta hamu ya kula, wako wanaoutumia kwa tumbo, na wanaume wengi huununua kwa sababu wanazozijua wenyewe.

Mwaka 1871 Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea wa bustani ya Kew huko Uingereza, aliuandika mmea huu kwa jina la Chlorocodon whitei, jina ambalo baadaye lilibadilishwa. Mwaka 1908 wakemia wawili, Goulding na Pelly, walitoa habari za mafuta ya mzizi wake. Wakaona harufu ile tamu inatoka katika kitu kinachoganda kama chembe za chumvi, cha jamii ya vitu viitwavyo aldehidi. Mwaka 2001 wataalamu wa Kenya, Mukonyi na Ndiege, waliuchunguza tena mukombero kwa vyombo vya siku hizi, na kitu walichokitaja kuwa ndicho chenye harufu na ladha hiyo ni kile kile. Jina lake la kikemia ni refu, nasi tunaliandika mara moja tu: tu-haidroksi-foo-methoksi-benzaldehidi. Kuanzia hapa tutakiita aldehidi ya mukombero.

Katibu wetu alisema vanila, na mtu asimcheke. Kitu kinachoipa vanila harufu yake huitwa vanilini. Vanilini na aldehidi ya mukombero zina atomu zile zile na kwa hesabu ile ile: kaboni 8, haidrojeni 8, oksijeni 3. Ukiipima molekuli moja ya kila kimoja kwa mizani ya wakemia, zote ni 152. Zimetofautianaje, basi?

Fikirini meza ya duara yenye viti sita. Meza hiyo ni pete ya kaboni. Wamekuja wageni watatu, viti vitatu vingine havina mtu. Mgeni wa kwanza ni aldehidi, wa pili haidroksili, wa tatu methoksi. Katika vanilini, haidroksili amekaa akielekeana na aldehidi uso kwa uso, na methoksi yuko ubavuni mwa haidroksili. Katika mukombero, methoksi ndiye aliyeelekeana na aldehidi, na haidroksili amehamia ubavuni mwa aldehidi. Wageni ni wale wale na meza ni ile ile. Kilichobadilika ni nani amekaa wapi. Lakini badiliko hilo si dogo. Aldehidi na haidroksili wakikaa jirani hushikana mikono, wakawa hawana mkono wa kuwashika wengine. Kwa hiyo aldehidi ya mukombero huyeyuka upesi, kwenye joto la digrii 42 hivi, na vanilini hungoja mpaka digrii 81 au zaidi.

Na yujenoli yetu je? Wageni wake wameketi kama katika vanilini, ila kiti cha aldehidi kimekaliwa na mgeni mwingine mwenye mkia wa kaboni tatu. Ukiukata mkia huo kwa ufundi na kuweka aldehidi mahali pake, umepata vanilini. Hivyo ndivyo viwanda vya Ulaya vilivyofanya tangu mwisho wa karne ya 19: vilinunua mafuta ya karafuu ili vitengeneze harufu ya vanila, mpaka vilipopata njia za rahisi zaidi, kwanza katika masalio ya viwanda vya karatasi, kisha katika mafuta ya petroli. Babu zetu walichuma karafuu, na mtoto wa Ulaya akala peremende ya vanila, wala hakuna aliyemjua mwenziwe. Lakini aldehidi ya mukombero haipatikani kwa njia hiyo, kwa sababu wageni wake wamekaa vingine. Pua yasema ni ndugu. Mkemia asema ni ndugu kweli, lakini si mmoja.

Mtu atauliza: ikiwa uzito ni mmoja, mkemia hujuaje? Pua yake si bora kuliko zetu, tena wengine huvuta sigara. Chombo anachokitumia huitwa kromatografu ya gesi, na kazi yake iliandikwa kwanza na James na Martin mwaka 1952. Ndani yake mna mrija mwembamba sana uliokunjwa kama kamba ya ndoo, ambao ukiunyoosha huweza kufika mita 30. Ukuta wake wa ndani umepakwa utando wa kitu kinatacho kidogo. Mvuke wa mafuta huingizwa upande mmoja, na gesi nyepesi huusukuma kuelekea upande wa pili, huku joto likipandishwa polepole.

Kinachotokea humo ni kama watu watokao msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Wote wametoka mlango mmoja na saa moja. Asiye na jamaa wengi hufika nyumbani mapema. Mwenye kupeana mkono na kila mtu, na kuuliza hali ya wagonjwa na habari za shamba, hufika chakula kimepoa. Ndivyo zilivyo molekuli katika mrija ule. Vanilini ina mikono mitupu, kwa hiyo hushikwashikwa na utando njia nzima na kuchelewa kutoka. Aldehidi ya mukombero mikono yake imeshikana yenyewe kwa yenyewe, haina wa kumsalimu, hutoka mbele. Zinatoka kwa saa mbalimbali, na chombo huandika saa ya kila moja.

Mwisho wa mrija huwekwa chombo cha pili, kiitwacho spektrometa ya masi. Hicho hukipiga kila kitoacho na kukivunja, kisha hupima vipande. Kila kitu huvunjika kwa namna yake, kama vile nazi, dafu na chungu visivyovunjika sawa. Mkemia huwa na saa ya kutoka na sura ya vipande, akavilinganisha na vya kitu kilichokwisha julikana. Akiwa mwangalifu hatosheki na kitabu cha chombo. Hununua chupa ndogo ya kitu chenyewe kilicho safi, akakipitisha katika mrija ule ule siku ile ile. Vikienda pamoja saa kwa saa na kipande kwa kipande, hapo husema amekijua. Asiyefanya hivyo amekisia tu, ijapokuwa karatasi yake imepigwa mihuri.

Iko faida nyingine ya vyombo hivi inayohusu moja kwa moja mambo ya mimea adimu. Zamani, ili kupata mafuta ya kutosha kuchunguza, mizizi ilihitajika kwa kilo nyingi. Siku hizi kipande kama ukucha hukatwakatwa na kutiwa katika chupa ndogo, na juu yake huingizwa unyuzi mwembamba uliopakwa dawa ya kunasa mvuke. Unyuzi huo hupelekwa katika chombo, na kazi imekwisha. Mmea haukung'olewa.

Haya si maneno ya kupita tu. Sisi ni watu wa kuchuma. Tumba likichumwa, mkarafuu hubaki umesimama, na mwaka mwingine tunarudi chini ya mti ule ule. Iko mikarafuu katika mashamba yetu iliyopandwa na watu tusiowajua hata kwa majina. Mzizi hauna biashara ya namna hiyo. Anayeuchimba wote amechukua mtaji na faida pamoja. Kakamega mukombero umepungua porini kwa sababu hiyo, na wakulima wa huko wamekuwa wakihimizwa waupande katika mashamba yao. India ya kusini uko mmea uitwao Decalepis hamiltonii, ambao mizizi yake huliwa kama achari na kutiwa katika sharubati. Nao umechimbwa mpaka ukahesabiwa miongoni mwa mimea iliyo hatarini. Na mnajua harufu ya mizizi yake ni ya kitu gani? Ni aldehidi ile ile ya mukombero. Iko pia katika mizizi ya mmea mwingine wa India, Hemidesmus indicus. Mimea mitatu, harufu moja. Kwa hiyo hata mkemia akituambia kwa yakini kwamba harufu ya mzizi wa mwenzetu ni aldehidi ya mukombero, bado hajatuambia kwamba ule ni mukombero.

Kinyume chake nacho kiko. Ulaya unaota mmea mdogo wa vichakani uitwao Geum urbanum, ambao mizizi yake inanuka karafuu. Watu wa zamani wa huko ambao karafuu za kweli ziliwashinda bei waliutumia badala yake, hata katika pombe. Lakini mzizi wake ukiuchomoa taratibu bila kuuchubua hausikiki sana. Ukiuponda ndipo harufu inakuja. Wafaransa wawili, Bourquelot na Hérissey, walieleza mwaka 1905 kwamba ndani ya mzizi huo yujenoli imefungwa pamoja na sukari, nayo ikiwa imefungwa haiwezi kuruka. Kikipondwa, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa hukutana nayo, huvunja kifungo, na yujenoli huachiwa. Mbivu ya vanila nayo ni hivyo hivyo: ikitoka mtini haina harufu ya maana mpaka itiwe joto na kuvundikwa. Basi mzizi usionuka leo si dalili kwamba hauna kitu, na mzizi uliokaa mwezi mmoja ndani ya gunia si mzizi uleule uliotoka ardhini.

Tuseme kidogo juu ya kisti, kwa kuwa hakuna mmoja wetu asiyeijua. Ipo katika maduka ya dawa za asili Unguja na Pemba, na wengi huitumia kwa kufuata mafundisho ya dini na desturi za wazee. Mzizi huo unatoka milima ya Himalaya, na mmea wake ni Saussurea costus. Umechimbwa kule kwa karne nyingi, hata Mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini ukauweka katika daraja lake la kwanza, lenye masharti makali kuliko yote, mwaka 1985. Mizizi halali ya kuuzwa nje ni ile iliyopandwa shambani na yenye karatasi zake. Kitu kikiwa adimu na bei ikipanda, kighushi huja. Huko huko milimani uko mmea mwingine, Inula racemosa, ambao mizizi yake imekuwa ikichanganywa na kisti. Ndani ya kisti mna kostunolidi. Ndani ya mwenziwe mna alantolaktoni. Uzito wa molekuli ya kila kimoja ni 232. Mtaona tena hadithi ya viti na wageni. Muuzaji wa rejareja hawezi kuvitofautisha, na mara nyingi hata yeye ameuziwa hivyo hivyo. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba mafuta ya kisti huwawasha na kuwadhuru ngozi watu wengine, hata shirika la kimataifa la watengenezaji manukato likakataza yasitiwe katika manukato. Sisi hatusemi watu waache kisti. Twasema anayejipaka na ajaribu kwanza mahali padogo.

Sasa tumefika katika swali la tatu, la kuliwa, nalo ndilo lililotutia hofu zaidi siku ile, kwa kuwa mmoja wetu alikwisha kata kipande na kukipeleka mdomoni. Chombo tulichokieleza huona vitu virukavyo tu. Sumu nyingi za mimea haziruki. Ni molekuli nzito, zimekaa kimya ndani ya mzizi, hazina harufu, na chombo cha harufu hakizioni kama pua isivyoziona. Mukombero ni wa jamii ya mimea iitwayo Apocynaceae. Katika jamii hiyo hiyo umo msunguti, ambao Waafrika wa mashariki wameutumia tangu zamani kupaka mishale yao, na sumu yake husimamisha moyo. Wote wawili wana utomvu mweupe. Kwa hiyo mtu aliyechimba mzizi wa mmea wenye utomvu mweupe asioujua, akautafuna kwa sababu unanuka vizuri, amecheza na jambo kubwa.

Wala hatari si ya kutafuna tu. Marekani kulikuwa na kinywaji kipendwacho kilichotiwa ladha kwa ganda la mizizi ya mti uitwao sassafras. Harufu yake inatoka katika kitu kiitwacho safroli. Kilipojaribiwa kwa panya kikawaletea saratani ya ini, na mwaka 1960 serikali ya huko ikakataza kisitiwe katika chakula. Watu walikuwa wamekinywa miaka mingi, na harufu ilikuwa nzuri siku zote. Tena Brussels, Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakipewa vidonge vya kupunguza unene waliharibika figo, zaidi ya wagonjwa 100. Ilipochunguzwa ilionekana kwamba mzizi mmoja wa Kichina uliotakiwa kutiwa humo ulikuwa umebadilishwa na mzizi mwingine wenye jina linalofanana nao, wa jamii ya Aristolochia. Hakuna aliyekusudia kuua. Mizizi ilikuwa imekatwakatwa na kukaushwa, majani hayapo, maua hayapo, na mtu amelitegemea jina lililoandikwa juu ya gunia.

Sasa mtafahamu kwa nini hatukuutaja mzizi wa mwenzetu kwa jina. Alituletea mzizi mtupu. Mtaalamu wa mimea huujua mti kwa maua na matunda, na yakikosekana, kwa majani na namna yalivyoota. Mzizi peke yake ni kama mtu aliyejifunika gubigubi: waweza kuona urefu wake, lakini humjui ni nani.

Kwa hiyo Kamati imeamua hivi. Mwanachama aliyeona mmea ambao anadhani ni wa dawa au wa manukato asiung'oe, na asipokee fedha ya mtu kwa mizizi isiyojulikana. Na akate tawi lenye majani yasiyopungua manne, pamoja na ua au tunda kama lipo, alilaze kati ya kurasa za gazeti, aweke kitu kizito juu yake, na abadilishe gazeti kila siku mpaka likauke. Afukue pembeni ya shina kwa mkono, si kwa jembe, akate kipande cha mzizi kisichozidi kidole, kisha arudishe udongo na kuushindilia. Kipande hicho akitie katika chupa safi yenye kifuniko, si mfuko wa plastiki uliokuwa na karafuu. Maana tukipeleka mzizi uliolala na karafuu, mkemia atatujibu kwamba una yujenoli, na tutakuwa tumetupa fedha yetu wenyewe. Katika karatasi aandike tarehe, mahali, mmea umeota juu ya nini, utomvu ni wa rangi gani, na jina analoitwa na wazee wa hapo ikiwa linajulikana. Jina la wazee lisidharauliwe. Mara nyingi ndilo linalomfupishia mtaalamu kazi ya mwezi mzima. Kamati itachukua jukumu la kutafuta pa kupeleka, na gharama za sampuli za kwanza zitatoka katika mfuko wa Chama.

Mwenzetu aliposikia maneno haya katika mkutano alirudi porini kesho yake ili alete majani. Alikuta shimo lake, na juu ya mti uliokuwa umebebeshwa mmea ule ananing'inia mtambaa mkavu; majani yalikuwa yamepukutika na hata moja halikufaa kulazwa katika gazeti. Alitafuta mpaka alasiri ndipo akapata mmoja mwingine, mdogo, una majani machache na hauna ua. Hakuuchimba. Alikata jani moja lenye kikonyo chake, akafunga kitambaa katika mti wa jirani ili apajue mahali, na ametuahidi kwamba masika yakianza atakwenda kuutazama kila wiki mpaka utoe maua. Yule mfanyabiashara amekwisha piga simu mara mbili kuuliza kilo zake.